Uchambuzi: Minecraft Education katika Somo la Msitu wa Mikoko

Watazamaji wapenzi, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni Minecraft Education, toleo la shule la ule mchezo wa kujenga kwa vitofali ambao wanafunzi wenu wengi tayari wanaujua kwa jina. Swali ninalotaka kulijibu ni moja: je, mchezo huu unaweza kumfundisha mtoto wa pwani namna msitu wa mikoko unavyojipanga na namna viumbe wake wanavyotegemeana? Nimeutumia muhula mzima na wanafunzi wa gredi ya sita katika shule moja ya Kwale, pwani ya Kenya, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye mikoko yenyewe, kwa hiyo ninayoyasema yametoka darasani na matopeni pia.

Nianze na bidhaa kwa ufupi. Minecraft ilitoka rasmi mwaka 2011, ikiwa kazi ya kampuni ya Mojang ya Stockholm nchini Sweden. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014, na toleo la shule likafuata mwaka 2016. Hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows na Mac, kwenye Chromebook na kwenye tableti. Mwalimu huwaingiza wanafunzi wote katika ulimwengu mmoja, huwapa kamera ya kupigia picha kazi zao na kitabu cha kuandikia maelezo, na anaweza kuyazuia maeneo asiyotaka yaguswe. Leseni hulipiwa kwa mwaka kwa kila mtumiaji, na kila mwanafunzi sharti awe na akaunti ya shule, ingawa lipo somo la majaribio ambalo halidai akaunti.

Kilichonivutia ni nyongeza iliyoingizwa mwezi Juni mwaka 2022, ambayo ilileta bwawa la mikoko ndani ya mchezo. Mti wake umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya mtu aliyekunja goti, ardhi yake ni tope, na mbegu yake haidondoki ikiwa kavu kama ya miti mingine bali huning'inia chini ya majani ikirefuka hadi iwe tayari kupandwa, na inakubali kupandwa topeni au hata chini ya maji. Hayo yote ni kweli kwa mkoko halisi, ambao mbegu yake huota ingali imeshikamana na mama yake kisha ikaanguka na kuchukuliwa na maji. Wanafunzi wangu walipoiona mbegu hiyo kwenye kioo waliitambua mara moja, maana wameichezea tangu utotoni, lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kujiuliza kwa nini ni ndefu na kwa nini ni nzito upande mmoja. Mchezo uliwafanya waulize, na swali hilo peke yake lilitupatia kipindi kizima.

Sasa nije kwenye kiini cha somo, ambacho ni mpangilio. Msitu wa mikoko haukumea ovyo. Katika pwani yetu kila aina ya mti wa msitu huu ina jina lake: mlilana husimama mbele ukiikabili bahari, nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mchu hukaa zaidi upande wa nchi kavu, ingawa mchu unatatanisha kwa kuwa mara nyingine huonekana mbele kabisa jirani na mlilana. Kinachoamua nani akae wapi ni kimo cha ardhi na idadi ya siku ambazo maji hufika hapo: kuna mahali panapofunikwa kila maji yanapojaa, na kuna mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani siku za maji makubwa za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, chumvi ikabaki ardhini jua linapowaka. Mchezo hauna lolote kati ya hayo. Una aina moja tu ya mkoko, maji yake hayana chumvi, na bahari yake haijai wala haikupwi.

Nilipogundua hivyo kwa mara ya kwanza nilitaka kuachana na mchezo huu. Nikaona baadaye kwamba kitofali kimoja cha mchezo kinahesabiwa kuwa mita moja kila upande, na hapo nikapata njia. Kwenye pwani ya Kenya tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, lakini mikoko humea katika nusu ya juu tu ya kimo hicho. Maana yake ni kwamba msitu mzima, kutoka mlilana wa mbele hadi mchu wa nyuma, unaishi ndani ya kimo kisichozidi vitofali viwili. Tuliacha vitofali vizima tukatumia vile vilivyokatwa nusu, tukaijenga pwani kwa ngazi pana za nusu mita, kisha tukasimamisha kandoni ukuta wa vioo vya rangi: buluu kuonyesha maji ya kila siku yanapoishia, kijani kuonyesha bamvua. Mtoto aliyekuwa akidhani kwamba pwani ni tambarare aliona kwa macho yake kwamba hatua moja fupi ya kwenda juu humtoa kwenye milki ya mti mmoja na kumwingiza kwenye milki ya mwingine.

Kwa kuwa mchezo ulitupa mkoko pekee, miti mingine waliijenga wenyewe kwa magogo na majani, na kwa kweli hapa ndipo walipojifunza zaidi kuliko mahali pengine pote. Kikundi cha mlilana kilitakiwa kionyeshe mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya tope, na baada ya mabishano marefu wakatumia vipande vya uzio vilivyosimama wima kuuzunguka mti. Kikundi cha mchu kiliandika katika kitabu chao kwamba mti wao hutoa chumvi kupitia majani. Mtoto mmoja ambaye babu yake ni mvuvi alipinga mahali walipouweka mlilana wao, akasema, "Mwalimu, hapo babu hupita kwa miguu hata maji yakijaa, mlilana hauwezi kuwa hapo." Walikwenda kupima upya kwenye ukuta wa vioo, wakaona kwamba amesema kweli, wakauhamisha.

Upande wa wanyama mchezo ni dhaifu, na nitalieleza hili kwa urefu kidogo kwa sababu anayetafuta somo la ikolojia atakwama hapa. Bwawa la mikoko la Minecraft lina vyura, lina samaki wa rangirangi, na mara chache utakuta mzinga wa nyuki mtini. Nyuki ni jambo jema, maana asali ya mikokoni tunaijua. Chura wake, hata hivyo, hula viumbe vya ute ambavyo havipo duniani, na kaa hayupo kabisa. Mwezi Oktoba mwaka 2023 wachezaji waliulizwa wachague mnyama wa kuongezwa kati ya watatu, na kaa wa mikokoni alikuwa mmojawapo. Akashindwa na armadilo, mnyama mwenye magamba kutoka bara la Amerika. Nilisikitika, kwa sababu kaa ndiye mfanyakazi mkuu wa msitu huu. Huyavuta majani yaliyoanguka hadi shimoni na kuyala, kinachobaki kikawa chakula cha vijidudu; mashimo yake huingiza hewa na maji kwenye tope zito; na wakati mwingine huzila mbegu zenyewe, hivyo ana neno katika kuamua mti gani utamea wapi. Ukiufundisha msitu wa mikoko bila kaa umefundisha nguzo za nyumba ukaacha wenye nyumba.

Dawa yake haikuwa kwenye kompyuta. Niliwapeleka wanafunzi mikokoni asubuhi moja maji yalipokupwa, kila wawili wakachora mraba wa mita moja juu ya tope, ukubwa uleule wa kitofali chao, wakahesabu mashimo. Waliporudi darasani walitoboa ngazi zote za pwani yao kwa mashimo bila mimi kuwaagiza, na kikundi kimoja kiliweka vibao vyenye neno "kaa" kwenye kila shimo.

Kasoro nyingine imo katika ukataji na ukuaji. Ukiukata mti wa Minecraft chini, sehemu ya juu hubaki ikielea hewani, na ukiumwagia mche unga wa mifupa unaweza kuwa mti mzima papo hapo. Kwa mchezo wa nyumbani si neno. Kwa mtoto wa pwani, ambaye jamaa zake hununua na kuuza fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina likiwa na unene wake na hivyo umri wake, jambo hilo hupotosha. Tena tunayo historia ya karibu ya kulinganisha nayo. Msitu wa Gazi, hapa hapa Kwale, ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na zipo sehemu ambazo hazikuota tena zenyewe hadi watu walipopanda kwa mikono yao. Hata mradi wa Mikoko Pamoja wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka 2013 na kulinda hekta 117 ili kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa, yaani kulipwa kwa sababu miti yao huishika hewa hiyo isirudi angani, umesimama juu ya kazi ya upandaji na utafiti ya miaka mingi kabla yake.

Kwa hiyo niliuondoa unga wa mifupa na kuweka sheria yangu. Wiki moja ya darasa ilihesabiwa kuwa mwaka mmoja. Kila Ijumaa kila kikundi kilirusha dadu kwa kila mche: mche uliopandwa kwenye ngazi inayoufaa ulikufa ikitokea moja tu, na uliopandwa kwenye ngazi isiyoufaa ulipona ikitokea sita tu. Vikundi viwili vilivyokuwa vimejaza mkoko kila mahali kwa sababu ni rahisi kuupanda vilipoteza karibu miti yote ya ngazi ya juu kabla ya wiki ya nne, wakakasirika, wakarudi kwenye daftari. Hakuna hata sehemu moja ya kanuni hii iliyotoka kwenye mchezo, lakini bila mchezo nisingeweza kuwaonyesha pengo likipanuka mbele ya macho yao wiki baada ya wiki.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kama zana ya kufundishia mpangilio, yaani kimo, nafasi kati ya miti na nani akae mbele au nyuma, naipa Minecraft Education alama za juu, na sijaona zana nyingine iliyowafanya watoto wabishane kwa hoja kuhusu mahali pa mti mmoja kwa nusu saa. Kama zana ya kufundishia mfumo wa ikolojia haijitoshelezi, na mwalimu atakayewaacha wanafunzi wacheze tu akidhani mchezo utafundisha wenyewe atakuwa amelipia leseni kwa ajili ya burudani. Shule isiyo na umeme wa uhakika ningeishauri iusimamishe mpango huu kwa sasa, maana ukuta wa vioo na ngazi za nusu mita vinaweza kutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi ndani ya beseni kwa gharama ndogo mno. Shule yenye tableti chache isiogope: sisi tulikuwa na watoto watatu kwa kila kifaa, mmoja akijenga, mmoja akisoma vipimo, mmoja akiandika, na mpango huo uliwafaa kuliko kila mmoja kuwa peke yake.

Muhula ujao naendelea na wanafunzi hao hao, na kazi yao itakuwa kubuni namna ya kuirejesha sehemu moja tupu ya msitu wa hapa karibu. Safari hii hatutaanzia kwenye kompyuta. Tutasubiri bamvua, tutasimamisha fito zilizotiwa alama za nusu mita kuanzia ufukweni hadi nchi kavu, na maji yakishafika kimo chake cha juu ndipo tutakapojua ngazi ya kwanza ya pwani yetu ya vitofali iwekwe wapi.