Bloku za inchi 2 kushusha nyuma ya Hilux: uzoefu wangu, Mtwara

Kabla hujalipa, ingia uvunguni. Bloku hizi, vipande vinavyokaa kati ya springi na ekseli, zinashusha gari ambalo springi zake za pleti zinapita chini ya ekseli, kama Hilux yangu ya zamani isiyo na foo wili. Springi zikiwa juu ya ekseli, bloku ileile italinyanyua gari.

Seti ina bloku mbili za chuma, yubolti nne (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli na springi) na nati zake. Bloku ni nzuri: pini ya juu inakaa kwenye kikalio cha ekseli bila kucheza, na tundu la chini linapokea kichwa cha senta bolti, ile inayoshikanisha pleti za springi. Yubolti ndizo zimeniudhi. Zilikuwa fupi, hesi moja tu ikabaki nje ya nati. Mimi nataka zisipungue tatu. Nilinunua nyingine, ndefu kwa sentimita 5 kuliko za gari. Za zamani usizirudishe, zikishakazwa huvutika. Na fundi akikukunjia nondo ya kujengea nyumba, kataa. Mbao badala ya bloku, hata iwe mninga, hupasuka.

Kwa hewa yetu ya baharini nati zimeshikana na kutu, basi mwagia mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Stendi ziwe chini ya chesisi, jeki ya pili chini ya difu. Fungua shokapu kwa chini, kisha yubolti za upande mmoja tu. Ukifungua pande zote pamoja ekseli inajizungusha. Nyanyua ekseli taratibu, ingiza bloku, hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama, ndipo ukaze nati kwa kupishanisha pembe. Ukimalizia kukaza gari likiwa limekaa kwenye matairi, bushi za sheko (kiungo cha springi na chesisi) hazitakazwa zikiwa zimejipinda, maana hapo ndipo huchanika mapema.

Ugumu wa springi haubadiliki, ila nafasi ya kucheza inapungua. Kati ya ekseli na mpira wa kuzuia isigonge chesisi nilikuwa na sentimita 9, zikabaki 4. Nilikata mpira sentimita 2. Usiutoe wote, chuma kitakutana na chuma. Pima pia shokapu: ikifika mwisho kabla ya mpira kugusa, itapasuka sili, na hapo utahitaji fupi zaidi.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni breki. Hilux yangu ina valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likishushwa, valvu inadhani bodi limejaa, inapeleka presha nyingi nyuma. Bodi likiwa tupu na lami imelowa, matairi ya nyuma yanajifunga na mkia unakuja mbele. Rekebisha urefu wa fimbo hadi mkono wa valvu urudi palepale ulipokuwa. Uweke alama ya rangi kabla ya kufungua chochote, utajishukuru.

Propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, ikianza kutetemeka ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa, pembe yake imeharibika, hasa ile yenye beringi ya kati. Kabari nyembamba ya digrii 2 chini ya bloku ilimaliza tatizo kwangu. Taa za mbele nazo zitaelekea juu, zishushe.

Kwa mjini na lami ya kwenda Lindi, gari limetulia kwenye kona, na kupakia kwa mkono ni rahisi. Kwa anayebeba magunia ya korosho toka Tandahimba, au anayeingia mchanga wa Msimbati, sipendekezi: mzigo uleule unagonga mpira kwenye kila tuta. Kuchomoa pleti ili kushuka zaidi ndiyo kabisa usijaribu, uwezo wa kubeba unakwenda nazo.

Nati zangu, baada ya kwenda na kurudi Lindi mara moja, zilikubali kukazwa robo mzunguko. Baada ya kilomita 500 hazikusogea tena.