Fotoseli ya elfu tisa, na muuzaji aliyeniambia nikamwite mzee wa nyumbani

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nilinunua fotoseli Kariakoo, ile sensa ya mwanga unayoifunga kwenye taa ya nje iwake yenyewe giza likiingia na izime yenyewe kukipambazuka, elfu tisa. Mwanzo nilitaka kuja kuiponda hiyo sensa. Sasa sijui niiponde au nifanyeje, maana mambo yaligeuka katikati, ila yule kaka aliyeniuzia hajageuka na huyo namsema mpaka mwisho.

Kisa cha kununua siyo LUKU, nisiwadanganye. Balbu yetu ya kibarazani ni ya wati 9, hata ikiwaka mchana kutwa masaa 12 kila siku, mwezi mzima ni uniti tatu na kidogo, siyo ya kumkosesha mtu usingizi. Tatizo ni ugomvi. Kila asubuhi jua limeshatoka, saa tatu, saa nne, taa bado inawaka, na kila mtu ndani anasema siyo yeye wa mwisho kutoka. Nikachoka, nikasema nanunua kitu ambacho hakina mdomo.

Fundi wetu wa mtaani akaja, kijana mzuri tu ila ana haraka. Sensa ina waya tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na yeye mkono ukaenda moja kwa moja kwenye nyekundu aiunge na moto, maana nyumba yetu ni ya zamani na huko ukutani nyekundu ndiyo moto, nyeusi ndiyo nyutro, amezoea hivyo. Nikamwambia subiri baba, soma hii karatasi iliyobandikwa ubavuni, si imechorwa hapa nyeusi ndiyo inaingia moto, nyeupe nyutro, nyekundu ndiyo inatoka kwenda kwenye taa? Akasoma, akacheka, akasema mama we fundi kabisa. Lishikeni hilo neno. Basi akafunga, na kwa kuwa zile waya ni fupi akaiweka palepale chini ya holda, kama shubiri moja tu kutoka kwenye balbu, kwenye ukuta mweupe ambao tulikuwa tumeupaka rangi juzijuzi. Nikamlipa, akaondoka.

Magharibi inaadhiniwa, taa hiyooo ikawaka. Watoto wakapiga makofi. Hatujamaliza kushangilia, tak, ikazima. Tukatazamana. Imekaa kidogo, tak, ikawaka tena. Tak, ikazima. Wale watoto wakaanza kuhesabu, kila ikifika ishirini na kitu inageuka, wakawa wanapiga kelele kama wanasubiri mwaka mpya, na ikaendelea hivyo usiku mzima, na dirisha letu la chumbani liko palepale kwa hiyo hata ukifumba macho unasikia tak, tak, kama kuna mtu anacheza na kalamu ya kubonyeza. Jirani akanitumia meseji, mama Nasra leo kwenu kuna shughuli mbona hukutualika. Bodaboda wawili walisimama getini wakidhani wanaitwa. Mama mkwe wangu alikuwepo, amekuja kutoka Korogwe, akaiangalia weee halafu akasema chemli yake haijawahi kumfanyia hivyo.

Fundi akarudi, akabadilisha balbu, ileile. Akabana waya upya, ileile. Akasema sensa mbovu hiyo, irudishe. Kwa maneno hayo akachukua elfu tano ya usumbufu.

Haya, sasa sikilizeni. Nimefika dukani, jua la saa saba, nimebanwa kwenye daladala na mfuko wangu, nikasalimia vizuri tu, habari za kazi kaka. Kimya. Anachezea simu. Nikasalimia tena. Akainua kidevu, yaani kidevu ndiyo kiliniitikia. Nikamweleza, kaka hii sensa nilichukua hapa siku ile, inawasha na kuzima, inawasha na kuzima, usiku kucha. Akaipokea bila kuniangalia, akaichomeka kwenye kile kibao chao cha kutestia pale kaunta, akaweka kidole gumba juu ya jicho la sensa, tukasubiri, balbu ikawaka. Ikatulia. Haikupepesa hata mara moja. Akatoa kidole, baada ya muda ikazima. Akaniambia, "Unaona? Nzima hii. Umeme wa kwako ndiyo mbovu." Nikamwambia lakini kaka kwangu inapepesa, hata video ninayo hii hapa. Akanikata, "Mama, mambo ya umeme hayo hutayaelewa, we nenda kamwite mzee wa nyumbani aje, nitaongea naye." Vijana wawili waliokaa juu ya marobota ya waya wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapiga paja.

Mzee wa nyumbani! Huyo mzee wa nyumbani balbu tu akitaka kubadilisha anaita watoto watatu, mmoja ashike stuli, mmoja amulike na simu, mmoja asimame kwenye swichi aape kwamba hataigusa. Mimi ndiye niliyesoma kile kikaratasi fundi mwenyewe asiungue. Na sikusema kitu, ndicho kinachoniuma mpaka leo, nilisimama pale na mfuko wangu, nikaangalia kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", nikachukua sensa yangu nikaondoka. Majibu mazuri yote yalinijia nikiwa kwenye foleni ya kurudi Tabata.

Ila ndani ya daladala kile kidole gumba kikakataa kunitoka. Pale kaunta ilitulia, kwangu haitulii. Sensa ileile. Tofauti ni nini? Umeme mbovu siyo, friji na feni zangu hazipepesi. Nikawaza mpaka nikapitiliza kituo.

Kesho yake nikamwita fundi airudishe palepale, akaguna lakini akaifunga. Mchana jua kali nikapanda stuli mwenyewe, nikabandika solotepu nyeusi juu ya lile jicho, mbili tatu ziwe nzito. Nikashuka nikahesabu. Taa ikawaka. Nikaendelea kuhesabu mpaka mia, haikuzima. Nikapika ugali, nikarudi, inawaka tu imetulia kama mtoto wa watu. Nikatoa solotepu, ikazima. Usiku bila solotepu, tak tak yetu ileile. Nikabandika tena, kimya, inawaka moja kwa moja.

Mmeshaelewa? Ilikuwa inajiona yenyewe! Giza likiingia inawasha taa, mwanga wa taa unapiga kwenye ule ukuta mweupe unarudi kwenye jicho, inasema aa kumbe kumekucha, inazima. Ikizima giza, inasema aa kumbe usiku, inawasha. Maskini ya Mungu, usiku mmoja inapambazukiwa mara elfu. Na yule kaka pale kaunta hakuona kwa sababu kidole chake mwenyewe ndicho kilikuwa kinaizuia isione balbu. Alikuwa ameushika ugonjwa kwa mkono wake, jamani, kwa kidole gumba, halafu akaniambia mimi sitaelewa.

Kwa hiyo ndiyo, alisema nzima na kweli ilikuwa nzima, kwa hilo nampa haki yake, nilitaka kumtukana kwa kuniuzia kitu kibovu na hakuniuzia kitu kibovu. Lakini hebu fikirieni, swali moja tu, "mama, mmeifunga wapi?", na mimi nisingemlipa fundi mara ya tatu. Anauza hizi vitu kila siku, siyo mimi wa kwanza kufunga sensa chini ya balbu. Afadhali basi angekosea kwa heshima.

Fundi akaja, safari hii akanisikiliza. Tukazima mein swichi kwanza, akapima na testa, akaunga waya nyingine ndefu akaipeleka sensa nje kabisa kwenye feshabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, jicho linaangalia barabarani, balbu iko mgongoni kwake. Kwa siku mbili tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeivalisha kola niliyokata kwenye chupa ya maji nikaizungushia solotepu nyeusi, na ilifanya kazi vizuri tu, kwa hiyo kama huna hela ya fundi anza na hiyo. Ila usizibe jicho lote ukaliacha hivyo, itawaka mchana kutwa na ugomvi utarudi. Na angalia pia taa za majirani, yule wa nyuma yangu ana taa moja kubwa ya ukutani inamulika mpaka kwenye mtungi wangu wa maji, ningeielekeza huko ingedhani ni mchana mpaka asubuhi.

Tangu hapo, sijui niseme nini, naipenda. Kweli kabisa. Inawaka karibu na adhana ya magharibi, siku za mawingu ya masika inawahi kidogo, na asubuhi kabla sijaweka chai jikoni imeshazima. Hakuna anayegombana. Nimefika pahali nasimama dirishani kuisubiri iwake kama nasubiri mgeni. Nyota nne hiyo sensa, moja nimeikata kwa sababu ya waya fupi, maana zingekuwa ndefu haya yote yasingetokea. Halafu kuna ile balbu ya kwanza, iliungua wiki ileile, siwezi kuapa ni kwa sababu ya kuwashwa na kuzimwa usiku kucha lakini mwenzenu nina mashaka. Basi tatu na nusu. Duka sifuri. Hapana, duka nilitaka kulipa nyota moja kwa ajili ya kile kibao cha kutestia, maana wengine hawana hata hicho, ila nikikumbuka yule aliyepiga paja, sifuri.

Sasa juzi nikasema nyuma jikoni nako tuweke nyingine. Nikamwambia mume wangu nitapita mwenyewe, duka jingine, lolote ila siyo lile. Yeye kwa kutaka kunifurahisha akatoka kazini akapita Kariakoo, na katika maduka yote yale, akaingia lilelile. Anasema alipokelewa vizuri sana, akapewa na kiti. Kaka muungwana, anasema, tumeongea.

Nimefungua boksi, ni sensa ya mwendo. Jana usiku paka amepita mara tano nyuma ya jiko, na mara zote tano tumeamka kuangalia ni nani.