Seti ya pistoni na sili ya kalipa ya Honda CB550: nilimtukana muuzaji bure

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke, nne kati ya tano. Ingekuwa tatu kama ningeandika hii wiki ile ya kwanza, na siku moja kabla ya hapo ningeipa moja na matusi juu, soma uone kwa nini.

Pikipiki yenyewe ni CB550 ya mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, akaishusha hapa Tanga miaka ya 80, akaipanda mpaka miguu ikamgomea, afu ikakaa bandani Raskazoni na upepo wa bahari ukawa unaila pole pole. Ni hizi Honda za miaka ya 70 zenye diski moja mbele na kalipa (kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski) ya pistoni moja. Injini ilikuwa nzima, kabureta nilizisafisha mwenyewe, taabu ikabaki breki ya mbele. Ukibonyeza inashika, ukiachia haiachii. Ukiinyanyua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono linagoma hata nusu raundi, na nikitoka mjini mpaka Pongwe nikishuka nikidondoshea tone la maji kwenye diski linachemka chhhh kama kitunguu kwenye kikaango.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, nikatoa elfu arobaini. Akafungua kalipa, akaosha kila kitu na petroli, sili (pete ya mpira inayoizunguka pistoni oili isivuje) akarudishia ile ile akaipaka grisi ya kawaida ile ya bearingi, akafunga. Ikaenda wiki mbili vizuri, ya tatu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sili ya breki na petroli au oili ya injini haviivani kabisa jamani, ule mpira unavimba, ukivimba ndo unaikaba pistoni vizuri zaidi. Simlaumu sana, hapa mjini kazi nyingi ni za Boxer na hizo mbele ni dramu, ila basi si useme tu kwamba hii sijawahi kuifungua?

Ndo nikaagiza hii seti mtandaoni kutoka kwa muuzaji mmoja Uingereza. Ukijumlisha na usafiri ilinigharimu kama laki na nusu. Ndani ya bahasha kulikuwa na pistoni ya stenlesi, sili moja ya mraba (ukiikata unaona pembe nne, siyo ya duara kama o-ringi), nipo mpya (kale kachuchu ka chuma) ya kutolea upepo ulionasa kwenye oili ya breki na kofia yake, na kapakiti kadogo ka grisi nyekundu maalum kwa sehemu za mpira. Karatasi ya maelekezo hakuna. Washa za shaba (vile vipete bapa vya kuziba oili) za ule mwisho wa juu wa paipu, kwenye masta silinda inayosukumwa na mkono wa breki, hakuna, na hapo ndo nyota moja ilipoanza kutetereka maana kila anayefungua breki atazihitaji, wangeweka tu mbili zinagharimu nini? Nilizipata Ngamiani kwa buku.

Pistoni sasa, hapo nawapa heshima yao. Ile ya zamani ni chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikishapata tundu moja tu kutu inaingia chini yake inasambaa, ya kwangu upande unaogusana na pedi ulikuwa na vishimo kama mtu aliyeugua ndui. Hii mpya inang'aa mpaka unajiona ndevu, kingo zimelainishwa, nikaipima na venia (ambayo nayo Wazungu wanaiita kalipa, tuachane na hayo) ikawa sawa na ya zamani kila mahali, kama mm 38 na nukta. Stenlesi haitaota kutu hivi karibuni hata kwa chumvi ya Raskazoni.

Kutoa ile ya zamani ndo ilikuwa sinema. Watu wanakwambia piga upepo wa kompresa. Usithubutu. Pistoni ikiruka na upepo inaruka kama risasi, na kidole kikiwa mbele yake ndo basi tena. Njia ya kawaida ni kuiacha kalipa kwenye paipu yake ubonyeze mkono wa breki mpaka pistoni isukumwe nje na oili, ila yangu ilikuwa imeganda, mkono ukawa mgumu kama jiwe na pistoni imekaa tu inaniangalia. Nikambebea kalipa mzee mmoja wa kukereza vyuma kule Ngamiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hii nini tena umeniletea, ya gari?"

"Ya Honda ya mjomba. Nataka nipo ya grisi ikae hapa pa paipu."

Akaitazama, akaitingisha, akacheka. "Mjomba wako alikuwa anaegesha baharini?"

Akapima thredi pale pale na bolti zake za kujaribia, akanikerezea kibolti chenye tundu katikati na nipo ya grisi kichwani, kazi ya nusu saa, elfu nane. Nikafunga ile nipo ya kutolea upepo ikaze, nikachomeka pampu ya grisi, nikaanza kupiga. Pampu ya kwanza, ya pili, ya kumi hakuna kitu, mara nikasikia "tok" ndogo halafu pistoni ikaanza kutoka taratiiibu kama konokono, haina haraka na haimdhuru mtu. Kasoro yake ni kwamba baadaye una kazi ya kutoa grisi kila kona mpaka kwenye vitundu, nilitumia spiriti na vitambaa mpaka vikaisha.

Nikaosha, nikaweka sili mpya, nikapaka ile grisi nyekundu, nikaweka pistoni mpya juu, nikasukuma. Haiendi. Nikasukuma na viganja viwili, haiendi. Nikaitoa nikapima tena, nikaona labda venia yangu mbovu, nikajisemea nimeuziwa saizi ya pikipiki ingine, nikakaa chini usiku ule nikamwandikia muuzaji barua ya moto, kwamba mmenitumia takataka, nataka hela yangu, na picha nikaweka.

Asubuhi nikakuta majibu mafupi ya adabu. Aliuliza kitu kimoja tu: mfereji wa sili umeusafisha mpaka aluminiamu tupu?

Niliusafisha bana, niliupitisha brashi. Nikachukua tochi nikatazama vizuri. Kule chini kabisa ya mfereji, pale sili inapokaa, kulikuwa na tabaka jeupe jeupe gumu kama magamba ya sufuria ya chai. Ile ni aluminiamu imeoza. Oili ya breki inavuta maji, miaka ikienda maji yanaila kalipa pale nyuma ya sili, unga mweupe unajaa, unaisukuma sili ndani, sili inaikaba pistoni. Na ujue kwamba kwenye breki hizi hakuna springi ya kurudisha pistoni, kinachoirudisha ni ile sili yenyewe, ukibonyeza inapinda kidogo pamoja na pistoni, ukiachia inanyooka inaivuta kidogo tu, unywele. Ikikosa nafasi ya kupinda pistoni haivutwi, pedi inabaki kwenye diski, diski inachemka. Kumbe ugonjwa wote wa hii pikipiki ulikuwa kwenye mfereji ambao hata msumari hauenei.

Nikachukua spoku ya baiskeli nikaikunja ncha kama ndoano nikainoa. Saa mbili nzima nimekaa kwenye kigoda nakwangua, pembe za mfereji ndo mbaya zaidi, unakwangua unapuliza unatazama bado kuna weupe unakwangua tena, na uangalie usichore ukuta wa silinda. Nikamaliza na msasa laini uliolowa. Sili ile ile, pistoni ile ile. Safari hii nilisukuma kwa dole gumba moja ikazama yenyewe kama kijiko kwenye uji.

Nilimwandikia muuzaji kumwomba radhi. Akajibu kwamba anapata barua kama yangu kila wiki. Sasa ndugu, kama unazipata kila wiki si uandike karatasi moja uweke kwenye bahasha? Hapo ndo nyota ya tano ilipotelea na sirudishi.

Kwa mwenye modeli hii, angalia pia ule mkono unaoshikilia kalipa, unatakiwa uchezee kwenye pini yake kushoto kulia, maana pistoni iko upande mmoja tu na pedi ya upande wa pili inafika kwenye diski kwa kalipa nzima kusogea. Pini ikishika kutu hata uweke pistoni ya dhahabu breki itakuwa nusu. Yangu ilitoka kwa nyundo na dua. Halafu kuna kile kiskrubu cha kuseti pedi isikwaruze diski, chenye springi na nati ya kufungia, nilikikaza mpaka gurudumu likaanza kuwa zito nikarudisha nusu mzunguko, nikafunga nati. Na paipu ya mpira nilibadilisha kabisa, mpira wa miaka arobaini na kitu unavimba kwa ndani unazuia oili kurudi, utaishia kuilaumu kalipa isiyo na kosa.

Oili ya breki niliweka ya daraja la DOT 4 ya kopo jipya, ikiwa kavu haichemki chini ya digrii 230, ikishanyonya maji inashuka mpaka 155, ndo maana kopo lililofunguliwa mwaka juzi likae huko huko. DOT 5 ni silikoni, usichanganye. Na ikidondokea kwenye tangi ifute na maji hapo hapo, mi nilichelewa dakika tano na sasa rangi ya mjomba ina doa la umbo la Pemba.

Kutoa upepo kulinisumbua, pale kwenye kiungio chini ya taa kubwa ambapo kuna swichi ya taa ya breki upepo unajificha, nikapiga chupa nzima na mkono bado laini kama sponji. Jioni nikaufunga mkono wa breki kwenye usukani na kamba ya mpira, nikalala. Asubuhi mgumu.

Jumapili nikaenda Pongwe na kurudi. Nilipofika nyumbani nikashuka nikaweka kidole kwenye diski. Vuguvugu. Mama akawa anatazama mlangoni akaniuliza mbona unaipapasa hiyo pikipiki.

Kile kibolti cha grisi bado ninacho, mwenye Honda ya aina hii Tanga aje akiazime, ila aje na grisi yake.