Tahadhari: seva za mtumba zenye stika ya "H710" na ndani hamna kadi

Ndugu zangu mnaofunga mifumo endeshi ya FreeBSD na Linux kwenye seva za mtumba, kuna muuzaji Dar es Salaam anauza Dell PowerEdge R420 akidai zina kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), ya Dell iitwayo PERC H710. Mimi nimeshapigwa. Niliyouziwa haina kadi yoyote.

Seva ni ya dada yangu. Ana maduka mawili ya dawa hapa Morogoro na alitaka rekodi za mauzo zikae sehemu moja. Hela aliidunduliza miezi saba, shilingi 1,900,000. Nilimwambia muuzaji mapema kabisa kwamba nitaweka FreeBSD. Akajibu, "Hiyo inapiga mfumo wowote kaka, H710 hiyo, ina betri yake na kumbukumbu ya MB 512." Akanirushia video: Windows Server inawaka, na diski inaonekana moja tu. Hapo ndipo aliponipata. Diski mbili zikionekana kama moja, unaamini kuna kadi inayoziunganisha.

Mzigo ukaja kwa basi. Nilipowasha fleshi ya FreeBSD nikaona majina mawili, ada0 na ada1, kila diski kivyake. H710 ingekuwapo, draiva yake, mfi, ingeniletea diski moja tu, mfid0. Nikafungua mfuniko. Nyaya za diski zinakwenda moja kwa moja kwenye ubao mama, na pale kadi inapokaa ni patupu, vumbi limetulia. Ile stika ya "H710" ya kwenye picha imebandikwa nje, karibu na kitufe cha kuwashia, na gundi yake bado inanata kidoleni.

Kilichomo ni S110. Hiyo ni RAID ya programu inayotegemea SATA ya ubao mama, na Dell waliitengenezea draiva za Windows peke yake. Ndiyo maana video yake ilipendeza. S100 na S300 za kizazi cha nyuma nazo ni RAID za programu zenye draiva za Windows tu. Kwenye HP ProLiant Gen8 angalieni B120i: FreeBSD haina draiva ya RAID yake, inabidi uihamishie kwenye AHCI, yaani hali ya kawaida ya SATA isiyo na RAID.

Na hapa naomba mnielewe vizuri, maana hela si hasara kubwa kuliko zote. Mtu asiyeangalia majina ya diski atasakinisha mfumo kwenye ada0 akiamini ada1 inaweka nakala. Siku ada0 ikifa, rekodi zote za duka zimekwenda, na ada1 iko tupu pembeni yake.

Niliingiza tagi ya Dell, ile ya herufi na tarakimu 7, kwenye tovuti yao. Seva ilitoka kiwandani na S110 tangu mwanzo. Diski alizosema zimetumika "miezi minne tu" nikazipima kwa smartctl, programu inayosoma afya ya diski: Power_On_Hours (saa ilizowaka) inasoma saa 51,000 na kitu. Hiyo ni karibu miaka 6 bila kuzimwa.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, mwambie muuzaji apige simu ya video, achomeke fleshi ya FreeBSD mbele yako na aandike pciconf -lv, au lspci kama ni Linux, amri zinazoorodhesha kadi zilizomo. Video ya kurekodi usiikubali. H710 inajitambulisha yenyewe kama MegaRAID SAS 2208. Mwambie pia afungue mfuniko uone kadi na betri kwa macho, na akusomee tagi ya kwenye BIOS ulinganishe na iliyobandikwa kwenye kasha la seva. Anayekataa hayo, mwache na mzigo wake.

Nilipompigia alisema, "Si uweke Windows basi," kisha mzigo ukishatoka haurudi, kisha akanibloku. Jina lake siliweki hapa kwa sababu shauri liko polisi. Seva nimeigeuza AHCI, nimenunua diski mbili mpya na kuziunganisha kwa mirror ya ZFS, ambapo kila diski inabeba nakala ya mwenzake. Inafanya kazi, ila dada amelipa mara mbili.

Juzi ametangaza R420 nyingine mbili. Picha ni ile ile, stika ya H710 imekaa upande kidogo juu ya kitufe.