Mbwa wa ulinzi alale wapi, bandani au barazani?

Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Mtoto wa mbwa hufika 18 hata 20. Anayekesha akilinda shamba huko Fumba, Unguja, hana budi kuufidia usingizi huo mchana, na hapo ndipo wengi wetu tunamwonea.

Kwa gharama, baraza inashinda: gunia kavu latosha, likichafuka unalifua na kulianika. Lakini kila mpita njia humgutusha. Banda la mbao lataka fundi na fedha, na kupe hujificha kwenye nyufa zake. Ila masika yakianza, sakafu iliyoinuliwa humweka mkavu. Bati liezekwe makuti juu, jamani, joto la kaskazi ni adhabu.

Nyumba iliyo njiani, banda uani. Penye utulivu na kivuli, baraza yatosha.