TAHADHARI: Yule muuzaji wa "udongo wa mimea" anatuuzia matumbawe yaliyopakwa rangi

Yule anayetuuzia udongo wa kutandika chini ya tangi la samaki lenye mimea, kwenye mifuko myeusi ya lita 9, ni tapeli. Mliokwisha kuagiza mzigo ujao, zuieni pesa zenu leo.

Ujanja wake wote uko kwenye glasi. Anachota kijiko cha punje, anazimimina kwenye maji safi, anakoroga kwa nguvu, kisha anainua glasi kwenye mwanga. Maji yametulia, safi kabisa. "Mnaona? Udongo wangu hautoi tope." Mnunuzi anaamini, na ana haki ya kuamini: kila aliyewahi kutandika udongo mpya anaujua ule ukungu na yale maji ya rangi ya chai. Mfuko una nembo ya kiwanda, punje ni nyeusi na zinalingana, na jamaa anazungumzia pH (kipimo cha uchachu wa maji) na amonia (sumu itokanayo na uchafu wa tangi) bila kubabaika. Nani asingelipa?

Inauma na inatia aibu, kwa sababu glasi ile ile ndiyo ushahidi. Udongo halisi, yaani punje za udongo uliookwa, ni laini, kwa hiyo ukikorogwa kwa nguvu lazima uchafue maji. Punje iliyolowa, ukiibana kati ya gumba na kidole cha shahada, inasagika ikawa tope. Ya kwake inakuchoma kidole. Ikwangue kwa kisu: rangi inabanduka kama ganda, ndani nyeupe pe.

Na madhara yake si madogo. Udongo halisi hushusha pH chini ya 7 na kupunguza ugumu wa maji (wingi wa madini ya chokaa ndani yake). Matumbawe ni karbonati ya kalsiamu, kwa hiyo kadiri rangi inavyobanduka, pH inapanda hadi karibu 8. Hapo mimea inashindwa kufyonza madini ya chuma. Majani machanga ya mmea wa majini wa Rotala yanatoka ya njano, na mwenzake Cryptocoryne, ambayo hula kwa mizizi, haikuti chochote chini. Kwa samaki ni balaa: amonia iliyokuwa karibu haina madhara kwenye pH 6.5 inageuka sumu pH ikipanda. Ukiwaona wanahemea juu ya maji, usingoje.

Kama umeshautandika tangini, hamishia samaki kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilo hilo, pamoja na pampu ya hewa na hita. Filta iendelee kuzunguka kwenye ndoo nyingine. Ikikauka, bakteria wake wanaoondoa amonia wanakufa. Nyonya maji kwanza ndipo uchote punje, tena usizivuruge samaki wakiwa ndani, kwani uchafu ulionasa chini huachia amonia. Kisha weka udongo halisi, bila kuuosha: sentimita 4 mbele, 8 nyuma. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 hiyo ni takriban lita 11, kwa hiyo mfuko mmoja hautoshi. Jaza maji polepole, ukiyamimina juu ya sahani ili udongo usivurugike. Mimea irudi siku hiyo hiyo (ule wa Anubias usizike shina lake, litaoza), lakini samaki wasubiri. Udongo mpya nao hutoa amonia kwa wiki kadhaa. Badilisha nusu ya maji mara kwa mara, na uwarudishe tu vipimo vya amonia na nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) vikisoma 0. Wakati huo tangi la akiba lenye filta ile ya zamani ndilo makazi yao.

Dalili? Uzito. Lita moja ya udongo halisi ni kama kilo moja, changarawe na matumbawe huzidi hapo. Mshono wa mfuko umebandikwa mara mbili. Siki pia: ponda punje kwanza, maana rangi huificha, halafu dondoshea, ikitoa povu, ni matumbawe.

Lakini dalili zisitufanye tumsahau yeye. Mtu anayejua kutaja amonia anajua fika anaua samaki wa watu! Aondolewe kwenye kila kundi, arudishe pesa zote, alipie na samaki, kisha ashtakiwe kwa udanganyifu. Asiombewe msamaha na mtu. Mwenye mfuko ambao haujafunguliwa auache hivyo hivyo, apige picha ya mshono, aupime kwenye mizani na atunze risiti. Ushahidi huo ndio utakaombana.