Shiraz za Australia kwenye joto la Dar: chupa zipi zinastahili bei yake

Chupa ya Shiraz, mvinyo mwekundu wa laki kadhaa, inayonunuliwa Masaki au Oysterbay na kufunguliwa mezani ikiwa na nyuzi 30 haijaonjwa. Joto hilo hutanguliza kilevi: pua inachomwa, ulimi unapata utamu wa jamu iliyoungua, na harufu nyingine zote zinazama. Shiraz ya Australia huwa na kilevi cha asilimia 14 hadi 15, kwa hiyo joto huiumiza kuliko mvinyo mwepesi. Ile kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Hapa lenga nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyotoka kabatini ikae kwenye friji kama saa moja na nusu, au izame kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 10 hadi 15. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu inaigusa chupa sehemu chache tu. Kisha mimina theluthi ya glasi, si zaidi, maana glasi iliyojaa hupata joto kabla hujaifikisha nusu.

Zabibu yenyewe ni ileile ambayo Wafaransa wa bonde la Rhône huiita Syrah. James Busby, mtaalamu wa mizabibu, alifikisha vipandikizi vyake Australia mwaka 1832. Filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19, hajawahi kuingia jimbo la Australia Kusini, ndiyo maana bonde la Barossa la jimbo hilo bado lina mizabibu iliyopandwa 1843 na inazaa mpaka leo. Mizabibu mizee huzaa kidogo, na kidogo hicho hubeba ladha nzito.

Barossa ndiyo sura ambayo wengi wanaijua: zambarau zilizoiva mpaka kupasuka, forosadi, chokoleti, na mara nyingi nazi na vanila. Nazi hiyo inatoka kwenye pipa. Mwaloni wa Marekani una kemikali nyingi ziitwazo laktoni, na laktoni hizo ndizo zinazonukia nazi. Grange, ya kampuni ya Penfolds, imejengwa juu ya mapipa mapya ya aina hiyo. Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa Penfolds, aliianza 1951, mwaka 1957 wakubwa wake wakamwamuru aache, naye akaendelea kuitengeneza kwa siri. Ni mvinyo mkubwa kweli: chokoleti chungu, lami, ngozi, na ladha inayobaki kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Ila ikiwa changa imefumba, ladha zake hazijafunguka, inataka miaka 10 na kuendelea, na bei yake inapita shilingi milioni moja. Asiye na kabati la mvinyo la nyuzi 12 hadi 15, pamoja na umeme wa akiba, asiinunue ili aitunze. Miaka miwili juu ya kabati la jiko la Dar inatosha kuiua. Kampuni hiyohiyo ina St Henri, inayolazwa kwenye mapipa makubwa ya zamani yasiyoacha ladha ya mti, na hapo unaionja zabibu yenyewe. Kwa bei iliyo chini sana, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Hill of Grace ya familia ya Henschke, kutoka Eden Valley, eneo la juu na baridi kuliko bonde la Barossa, ina viungo na uwiano wa ajabu, lakini bei yake ni ya daraja la Grange. Mount Edelstone, ya haohao, kutoka mizabibu ya 1912, inakupa sehemu kubwa ya raha hiyo.

The Dead Arm ya d'Arenberg, McLaren Vale, imeitwa hivyo, yaani mkono mfu, kwa ugonjwa wa kuvu unaoua mkono mmoja wa mzabibu. Mkono uliobaki hutoa zabibu chache zenye ladha iliyokolea. Ina ukakasi wa bibo la korosho, kwa hiyo imimine kwenye jagi saa mbili kabla, na jagi likae sehemu yenye ubaridi. Kwa mbuzi choma wenye mafuta na chumvi haina mpinzani kwenye orodha hii, kwani mafuta na chumvi huulegeza ukakasi.

Lakini kwa jiji hili chaguo letu la kwanza ni Langi ya Mount Langi Ghiran, kutoka Grampians, Victoria. Ni eneo la baridi, na mvinyo wake unanukia pilipili manga waziwazi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo inatoka kwa rotandoni, kemikali ileile iliyomo kwenye pilipili manga. Nanogramu 16 tu kwa lita zinatosha kunusika. Takriban mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa, kwa hiyo usibishane na mgeni wako. Asidi yake iko hai, na hata glasi ikipata joto kidogo bado inanyweka. Pamoja na pilau ya nyama inakaa vizuri mno. Clonakilla ya wilaya ya Canberra, inayochanganywa na zabibu nyeupe kidogo za Viognier, ni laini zaidi na ina harufu ya maua; hiyo ni ya mishikaki isiyo na pilipili. Pilipili kali na kilevi cha asilimia 14 huchochea moto kinywani. Samaki pia waache, huleta ladha ya chuma.

Dukani, kataa chupa iliyokuwa dirishani juani. Kagua shingo: kizibo kilichoinuka, au mchirizi unaonata, ni dalili kwamba shehena ilipikwa na joto. Kifuniko cha kuzungusha kinaondoa hatari ya harufu ya katoni iliyolowa inayoletwa na kizibo kibovu, lakini hakizuii joto. Hakikisha stempu ya TRA ipo. Chupa ya miaka mitatu ambayo mvinyo wake umekuwa wa kahawia irudishe; jagi haliitibu. Iliyobaki ifunge, iweke friji, na uimalize ndani ya siku tatu.